Tiketi Rahisi na Mizani ya Chake: Kupanda Ndege na Watoto Wadogo

Kilo 15. Familia inayoanzia safari Pemba iikariri namba hiyo kabla haijauliza nauli ya kwenda popote. Ndege ndogo zinazotoka Chake Chake kuja Unguja, zile Cessna Caravan za injini moja na viti 12 au 13 ambazo kampuni kama Auric Air huzitumia, kwa kawaida humpa abiria kilo 15, na mara nyingi mkoba wa mkononi umo humo humo. Begi liwe laini, la kitambaa, kwa sababu mzigo hupakiwa kwenye sanduku jembamba lililobandikwa chini ya tumbo la ndege, na begi gumu la magurudumu ama haliingii, ama likiingia linakula nafasi ya mabegi matatu.

Simama pembeni ya kaunta pale uone mambo yanavyokwenda. Begi la baba kilo 14. La mama 19. Mkoba wa pampasi 6. Kigari cha mtoto 8. Hizo ni 47, na bado kuna kapu la ukili lenye halua ya Wete na maembe ya kupelekea watu, ambalo nyumbani hakuna aliyekubali kulipima. Ruhusa ya watu wazima wawili ni kilo 30, na mtoto wa kupakatwa hana kilo zake. Ziada hulipiwa kwa kilo kama nafasi ipo, na kama ndege imejaa begi linabaki lingoje ndege ya baadaye. Shirika litakalokuchukua Unguja kukupeleka Maskati linaweza kukuruhusu kilo 23 au 30 kwa kila mtu, lakini kilo hizo zinaanzia Unguja. Chake hazijulikani.

Kwa hiyo nauli inayong'ara kwenye simu ni kipande tu cha hesabu. Mwenye watoto ahesabu kutoka kizingiti cha nyumba yake mpaka kizingiti cha wenyeji wake: nauli, mzigo, teksi, chakula cha njiani, usiku wa kulala katikati kama upo, na usingizi wa mtoto, ambao nao una bei yake hata kama hauandikwi kwenye risiti.

Wa kupakatwa na wa kiti

Karibu mashirika yote hugawa watoto mafungu mawili. Aliye chini ya miaka 2 hupakatwa. Katika safari za nje hulipiwa kwa kawaida asilimia 10 ya nauli ya mtu mzima pamoja na baadhi ya kodi. Kuanzia siku anapotimiza miaka 2 mpaka kabla ya kufika 12, lazima awe na kiti chake. Mashirika ya kawaida humpunguzia, mara nyingi analipa asilimia 75 au karibu na hapo, na punguzo hilo hugusa nauli tu, si kila kodi iliyopachikwa juu yake. Mashirika ya bei nafuu hayana habari hiyo: kiti ni kiti, hata kama anayekikalia ana miaka 2 na siku moja. Na kwa mtoto mchanga wa kupakatwa, badala ya asilimia 10 wengi wao hutoza kiasi kimoja kwa kila safari ya ndege. Wakati wa ofa kubwa unaweza kushangaa kuona mtoto wa kupakatwa kalipiwa zaidi ya nauli ya mama yake kabla ya kodi. Hakuna kosa la mashine hapo. Nauli ya mama imeshuka, kiasi cha mtoto hakikushuka.

Umri unaohesabiwa ni wa siku ya kuruka. Siku ya kununua tiketi haihusiki. Tuseme mtoto anaondoka Unguja tarehe 10 Julai akiwa na mwaka 1 na miezi 11, anatimiza miaka 2 tarehe 25 Julai, na kurudi ni tarehe 9 Agosti. Kwenda atapakatwa, kurudi atahitaji kiti. Mtu asiyeliona hilo mapema hulikuta kaunta siku ya kurudi, mgeni katika mji wa watu, na kiti kinachobaki siku hiyo ndicho kile cha bei ya juu kabisa. Baadhi ya mashirika ya bei nafuu hutaka mtoto kama huyo anunuliwe kiti kwenda na kurudi tangu mwanzo. Ikiwa tarehe zako zinalegea, rudi kabla ya siku ya kuzaliwa, sherehe ifanyike nyumbani.

Wazazi wengi hulalamika kwamba mtoto wa miaka 2 ni ghali. Ni ghali kweli, lakini huja na haki yake ya mzigo. Kama kila mwenye kiti anapewa kilo 23, mtoto ambaye nguo zake zote hazizidi kilo 5 amewaletea wazazi kilo 18 za bure. Mchanga wa kupakatwa hupewa kidogo, pengine kilo 10, pengine kigari cha kukunja tu bila begi. Ukilinganisha tiketi mbili, ingiza hilo pia.

Mtu mzima mmoja hupakata mtoto mmoja, hakuna mjadala. Sababu ipo juu ya kichwa chako: kila safu ya viti ina barakoa za oksijeni kwa idadi ya viti na moja ya ziada. Ndiyo maana familia mbili zenye wachanga hazipangwi safu moja upande mmoja, na ndiyo maana mhudumu huja kukuhamisha baada ya wewe kujipanga vizuri na chupa zako. Hakuonei. Anahesabu barakoa. Mama wa pacha anayesafiri peke yake atahitaji kiti kwa mmoja wao, na mara nyingi kiti maalumu cha gari kilichoidhinishwa kutumika kwenye ndege, kwa hiyo apige simu kwanza kabla ya kulipa chochote.

Mchanga kabisa, wa chini ya siku 7, mashirika mengi hayampokei. Mengine yanangoja wiki 2.

Nauli inavyopanda ukiwa wengi

Fastjet ilipoanza kuruka Dar–Mwanza na Dar–Kilimanjaro mwaka 2012, Watanzania wengi waliujua kwa mara ya kwanza mchezo wa nauli inayopanda kadiri viti vinavyonunuliwa. Safari zake hapa Tanzania zilisimama 2018, lakini mchezo ulibaki, na wenye familia ndio wanaoumia kwa kutoujua.

Viti vya ndege moja vimegawiwa mafungu ya bei. Fungu la chini likiisha, linafunguliwa la juu yake. Sasa ukitafuta viti 4 kwa pamoja na fungu la chini limebakiwa na viti 2, mfumo haukupi 2 kwa bei ya chini na 2 kwa bei ya juu. Unawapandisha wote wanne. Mfano: viti 2 vimebaki kwa dola 180, fungu linalofuata ni dola 240. Ukiomba vinne utaambiwa 960. Ukinunua viwili viwili utalipa 360 na 480, jumla 840. Dola 120 hizo ni nauli ya Pemba na chenji.

Kabla ya kununua, basi, tafuta bei ya mtu 1, kisha 2, kisha wote. Ikiwa bei ya mmoja inapishana na ya wote, gawa. Ila gawa kwa akili: mtoto hawezi kuwa kwenye oda peke yake, kila oda iwe na mtu mzima, na mchanga afuatane na yule atakayempakata. Baada ya kununua, piga simu shirika uombe oda mbili ziunganishwe, kwa sababu ndege ikifutwa, mfumo unaweza kumpeleka baba na mtoto mmoja asubuhi na mama na mwingine usiku. Kwa mchanga usihangaike na mafungu, hachukui kiti, kwa hiyo hapandishi bei ya wenzake.

Majira ya bei kwetu yanakwenda na wageni. Juni mpaka Oktoba wamejaa, na tena kuanzia Krismasi mpaka Februari. Aprili na Mei mvua za masika zinafukuza watu wa ufukweni na viti vinabaki. Jambo ambalo watu wa hapa hawalitumii vya kutosha ni upande wa kuruka: mwishoni mwa Disemba ndege zinakuja Unguja zimejaa na kuondoka zina nafasi, na mapema Januari mambo yanageuka. Anayetoka Zanzibar kwenda kutembelea jamaa anaweza kuruka kinyume na watalii. Likizo za skuli zinabana, lakini mtoto wa miaka 3 hana skuli ya kumbana.

Sikukuu ni jambo jingine. Tiketi ya kurudi nyumbani kwa Idi haiwezi kungoja mwezi uandame. Wanaopanga kufika usiku wa kuamkia Idi wanajikuta wanalipia kubadilisha tarehe au wanasali njiani. Panga kufika siku mbili kabla ya tarehe ya mapema inayowezekana, na kabla ya kulipa soma gharama ya kubadilisha tarehe kwa kila mtu, mchanga akiwamo. Mara nyingi tiketi ya bei ya pili kutoka chini, inayoruhusu mabadiliko kwa malipo madogo, ndiyo nafuu kwa mwenye watoto. Watoto huugua, tena huugua siku ya safari.

Ukinunulia kwa wakala, tofautisha oda na tiketi. Oda ina namba ya herufi na tarakimu, jumla 6, na inaweza kukaa siku nzima bila kulipiwa, kisha ikafa kimyakimya. Tiketi ina namba ya tarakimu 13, tatu za mwanzo zikiwa za shirika lenyewe. Kila msafiri ana yake, pamoja na mtoto wa kupakatwa. Hapa ndipo panapoharibika mara nyingi: jina la mchanga limeandikwa kama maelezo tu kwenye oda ya mama, tiketi yake haikutolewa, na kaunta wanagundua zikiwa zimebaki dakika 70 kuondoka. Hesabu namba. Watu 4, namba 4. Kisha ingia tovuti ya shirika uifungue oda mwenyewe. Picha ya tiketi kwenye WhatsApp haina uzito.

Jina la mtoto si jina la mama

Mwanamke wa Kizanzibari akiolewa habadilishi jina. Anabaki na jina la babake na babu yake, na mwanawe anachukua la babake mwenyewe. Kwetu ni jambo la kawaida kiasi kwamba hakuna anayeliwaza, mpaka afisa wa uhamiaji wa nchi nyingine aone mama anaitwa hivi, mtoto anaitwa vile, na baba hayupo. Kwa macho yake huyo anaweza kuwa mtoto wa mtu. Beba cheti cha kuzaliwa cha mtoto chenye majina ya wazazi wote wawili, na kama mzazi mmoja hasafiri, barua yake ya ridhaa iliyogongwa muhuri wa wakili au hakimu, na nakala ya pasi au kitambulisho chake. Viweke kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye begi la chini. Baadhi ya nchi zinadai barua hiyo waziwazi, nyingine huuliza wakijisikia.

Mtoto, hata wa wiki 6, anahitaji pasi yake mwenyewe kwa safari ya nje. Majina kwenye tiketi yafuate pasi herufi kwa herufi. Kama pasi ina majina matatu na fomu ya mtandaoni ina nafasi mbili, jina la mwisho la pasi liende kwenye nafasi ya ukoo na yale mawili ya mwanzo yaende pamoja. Usifupishe "Abdulrahman" kuwa "Abdul" kwa sababu ndivyo anavyoitwa nyumbani.

Chanjo ya homa ya manjano hutolewa kuanzia miezi 9, cheti kinaanza kukubalika siku 10 baada ya sindano, na tangu Julai 2016 ni cha maisha. Anayeingia Tanzania akitokea nchi yenye ugonjwa huo, Kenya ikiwamo, huulizwa cheti kuanzia umri wa mwaka 1. Familia zinazokwenda Mombasa kwa harusi na kurudi kwa ndege hulisahau hili kila mwaka.

Na jamaa wa nje wanaokuja na pasi za kigeni wajue kwamba tangu 1 Oktoba 2024 mgeni anayeingia Zanzibar analipia bima ya safari, dola 44 kwa mtu mzima. Waingize kwenye bajeti kabla hawajakupigia simu wakiwa foleni.

Kuvuka kwenda kupandia Dar

Kuna wanaoapa kwamba nafuu ni kuvuka kwa boti na kupanda ndege Dar es Salaam. Kwa kijana mwenye begi moja la mgongoni, pengine. Kwa familia, toa penseli.

Tuseme Dar ni nafuu kwa dola 60 kwa mtu, na wenye kulipia viti ni watatu: umeokoa 180. Sasa toa boti ya watu watatu kwenda na kurudi, teksi kutoka bandarini mpaka Uwanja wa Julius Nyerere na kurudi, na chakula. Njia hiyo ni kilomita 12 hivi, na jioni foleni inaweza kukula saa nzima au zaidi. Boti ya haraka yenyewe inachukua saa moja na nusu mpaka mbili. Ndege nyingi za mbali huondoka usiku au alfajiri, boti za haraka hazingoji usiku, kwa hiyo ama unakaa uwanjani saa 7 na mtoto wa miaka 2 anayetaka kukimbia, ama unalipa nyumba ya wageni. Tofauti ikiwa chini ya dola 100 kwa familia nzima, pandia Kisauni, uwanja wa Unguja. Upepo wa kusi ukiwa mkali, hata zaidi ya hapo. Mtoto aliyetapika tangu kisiwa cha Chumbe hafiki Dar akiwa na hamu ya kupanda ndege.

Kwa wa Pemba mlinganisho ni kati ya boti ya Mkoani na ile Caravan ya nusu saa. Boti ni nafuu mbali sana na inabeba kapu lako bila kulipima kama dhahabu. Mkondo wa Nungwi nao una tabia zake, na tangu meli ya Spice Islander ilipozama Septemba 2011 wapo wazazi ambao hawapitishi mtoto pale hata kwa bure. Hatuwalaumu. Njia ya kati inayofanya kazi: mzigo mzito na mtu mzima mmoja waje kwa boti siku moja kabla, mama na wadogo waje kwa ndege na kilo zao 15 kwa kila mwenye kiti.

Lakini wasije siku ile ile ya safari ya nje. Tiketi ya Pemba na tiketi ya Maskati zikinunuliwa mbalimbali ni mikataba miwili isiyojuana. Caravan ikichelewa kwa mvua, shirika la pili linakuandika hukutokea, na mara nyingi tiketi ya kurudi inafutwa pamoja. Mpemba gani hana jamaa Unguja wa kumlaza usiku mmoja?

Ndani ya ndege

Kwenye Caravan hakuna choo. Mpeleke mtoto kabla, hata akisema hataki. Hakuna mhudumu pia, rubani anageuka, anasema maneno mawili, anawasha. Ndege hairuki juu sana na haina hewa ya kushindiliwa, kwa hiyo masikio hayasumbui kama kwenye ndege kubwa, ila kelele ni nyingi na chini ya jua kabla ya kuruka joto linachoma. Kofia nyepesi inayofunika masikio, maji, na safari ya asubuhi. Mchana ardhi ikishapata moto hewa inapanda kwa mikupuo na ndege ndogo inarushwarushwa, na ucheleweshaji wa asubuhi nao umeshalimbikiziana.

Kwenye ndege kubwa mhudumu atakuletea mkanda mfupi wa mtoto. Una kitanzi upande wa nyuma. Pitisha mkanda wako ndani ya kitanzi hicho kwanza, funga wako chini ya tumbo, kisha mkalishe mtoto mapajani akitazama unakotazama wewe na umfunge wake kiunoni. Kosa baya ni kumwingiza mtoto ndani ya mkanda wako: ndege ikisimama ghafla, uzito wako wote unambana yeye. Khanga mgongoni au kifuani ni nzuri kwa kutembea uwanjani na kwa kumlaza ndege ikishatulia juu, lakini wakati wa kupaa na kutua utaambiwa uifungue. Ifungue tu.

Vile vitanda vidogo vya ukutani viko kwenye ndege kubwa za safari ndefu, kwenye safu yenye ukuta mbele, na ni vichache. Vingi hubeba mtoto wa mpaka kilo 10 au 11. Viombwe siku ya kununua kwa kutaja uzito na urefu wa mtoto, viulizwe tena siku 3 kabla, na hata hivyo hakuna ahadi. Taa ya mikanda ikiwaka mtoto anatolewa, amelala au hakulala.

Masikio huuma wakati wa kushuka kuliko wakati wa kupaa. Kuna mrija mwembamba unaotoka nyuma ya pua kwenda sikioni. Ndege ikipanda hewa hutoka humo kwa urahisi, ikishuka mrija unajifunga na hewa ya nje inasukuma ngoma ya sikio kwa ndani. Kumeza ndiko kunakoufungua. Wengi humpa mtoto chupa yote ndege ikipaa, na ikianza kushuka, dakika 25 au 30 kabla ya kutua, chupa tupu na mtoto kalala fofofo. Gawa: kidogo mwanzo, nyingi mwisho. Mwamshe kushuka kunapoanza, mnyonyeshe au mpe maji kwa vifundo. Wa miaka 3 mpe kitu cha kutafuna. Mwenye mafua makali au sikio linalouma aonwe na daktari kabla ya safari, kwa sababu mrija uliovimba haufunguki kwa kumeza.

Mkoba wa mkononi una hesabu yake. Pampasi moja kwa kila saa 2 za safari nzima, ukihesabu na kungoja, kisha 3 za akiba: Unguja mpaka London kwa kuunganisha, saa 15 tuseme, ni 11. Nguo 2 kamili za mtoto na blauzi 1 ya mama, ambayo hakuna anayeikumbuka mpaka atapikiwe. Maziwa ya kopo yapimwe nyumbani, kila mlo kwenye kikopo chake, milo ya safari na 2 zaidi. Sheria ya mililita 100 za vimiminika haibani maziwa na chakula cha mtoto kwa kiasi cha safari, ila vitoe kabla mkoba haujaingia mashineni na umwambie askari. Ukivificha vinaonekana kama siri. Asali ya Pemba, achari na halua laini hazina msamaha huo, ziende begi la chini, zimefungwa mara mbili. Mifuko ya plastiki ya kubebea ni marufuku, Bara tangu 1 Juni 2019 na Zanzibar hata kabla yake, kwa hiyo nguo zilizochafuka zitafutie mfuko wa kitambaa wenye zipu. Doriani libaki Pemba. Betri ya kuchajia simu ikae mkononi, haikubaliwi chini. Ya mAh 20,000 ni kama Wh (saa-wati) 74, na ukomo wa kawaida ni 100.

Kigari cha kukunja kwenye ndege kubwa kinaweza kwenda nawe mpaka mlangoni. Kifungie kamba ya rangi na ukipige picha kabla ya kukikabidhi. Kikirudi kimevunjika gurudumu, usitoke uwanjani: nenda dawati la mizigo, jaza fomu, uchukue nakala yenye namba. Kwa safari za kimataifa malalamiko ya maandishi ya mzigo ulioharibika yapelekwe ndani ya siku 7 tangu kuupokea, na ya mzigo uliochelewa ndani ya siku 21 tangu siku ulipokabidhiwa. Kigari kilichokosekana wakati wa kutua kiulizie kwanza mlangoni mwa ndege, kisha kwenye ukanda wa mizigo mikubwa. Mara nyingi kiko huko, kimeegeshwa ukutani, na watu wanakitafuta mahali pengine.